Kukaa Rabai: Miaka 29 ya Johannes Rebmann

Kitenzi kukaa ni miongoni mwa maneno tuyatumiayo kila siku bila kuyatazama usoni. Mgeni akifika huambiwa akae. Mfanyabiashara hukaa Ifakara ilhali wazazi wake wakaa Mahenge. Fundi wa cherehani akitaka kukusifia kitambaa husema, "Hiki kitakaa," nawe waelewa mara moja kwamba hakitachakaa upesi. Maneno yakikuchoma, wasema yamekukaa moyoni. Kuketi, kuishi, kudumu, kuingia ndani pasipo kutoka: lugha yetu imeyafungia yote hayo katika silabi mbili wala haikuona haja ya kuyatenga.

Hapa Namawala, ukingoni mwa uwanda wa mafuriko wa Mto Kilombero, kitenzi hicho kina uzito wake wa pekee. Masika yakiingia, maji hupanda, na watu hufuata mpunga mashambani; hulala huko katika madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao hadi yaive. Kijiji hubaki na wazee, kuku, na watoto wa shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakichunguza malaria walikaa hapa wakihesabu mbu usiku kucha, na hesabu yao ikaonyesha kwamba mkazi mmoja wa Namawala aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mahali pa namna hii, mwalimu wa dini anayewafuata waumini wake hadi kwenye madungu, kisha akarudi nao mavuno yakiisha, mwaka baada ya mwaka, hafanyi jambo ambalo gazeti litaliandika. Hakuna tukio la kuandika. Amekaa tu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini historia ya Ukristo katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa kitenzi kingine, yaani kwenda. Fulani alifika, alivuka, alipanda, aligundua, aliuawa njiani. Vitenzi vya mwendo vina tarehe, na tarehe huwapendeza waandishi. Kukaa hakuna tarehe. Kuna mwanzo na mwisho, na katikati yake miaka inayofanana. Askofu Edgar Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi, aliliongoza eneo la kanisa la Dar es Salaam, ambalo bonde letu lilikuwa ndani yake, tangu 1930 hadi 1968. Ni miaka 38: alianza chini ya Mwingereza na kumaliza baada ya Azimio la Arusha. Muulize kijana yeyote wa Ifakara leo, atakutajia wanasiasa kumi wa kipindi hicho kabla ya kumtaja yeye, kama atamtaja.

Lakini mfano ninaotaka kuukalia leo uko pwani, na njia ya kutoka Kilombero kwenda kwake inapita katika mji mmoja wa Uswisi. Mwaka 1949 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara; mwaka 1957 maabara yake ikafunguliwa karibu na hospitali ya misheni, nayo ndiyo chimbuko la taasisi ya utafiti wa afya tunayoijua leo, ile ambayo watu wake walikuja kuhesabu mbu wa Namawala. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya Geigy, katika mji huohuo wa Basel, kijana mmoja wa Kijerumani alikuwa akisoma katika seminari ya misheni. Naye angekuja Afrika ya Mashariki, naye angetetemeshwa na homa ileile, asijue kwamba inaletwa na mbu, kwa kuwa jambo hilo halikuthibitishwa hadi 1897. Jina lake Johannes Rebmann.

Alizaliwa Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, tarehe 16 Januari 1820. Baada ya Basel alipelekwa London kwa chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana, CMS, na Juni 1846 akashuka Mombasa. Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, aliyekuwa ametangulia miaka miwili na ambaye mkewe na binti yake mchanga walikwisha kuzikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mwaka uleule wa kufika kwao. Tarehe 25 Agosti 1846, wote wawili wakiwa na homa, walihamia Rabai Mpya, juu ya vilima vinavyotazama bandari, kwa ruhusa ya wazee wa kaya. Rebmann alikuwa na miaka 26. Angeondoka hapo akiwa na miaka 55, bila kurudi kwao hata mara moja katikati.

Kile ambacho dunia inakijua juu yake kilitokea mapema. Tarehe 11 Mei 1848, akisafiri kwenda Uchagani na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alimuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Jibu lilikuwa neno moja: baridi. Napenda tulitazame neno hilo kidogo, maana sisi tunaoshughulika na lugha hatuna budi kuliona. Pwani haikuwa na jina la theluji. Mtu yule hakubuni neno wala hakusema hajui; alikitaja kitu kwa kile kinachomfanya mtu akigusapo. Ni tamathali ya semi iliyo safi kabisa, imetamkwa na mtu aliyekuwa akifikiria njia na mizigo. Rebmann aliiandika katika shajara yake, akaelewa, na habari ikachapishwa London mwaka uliofuata. Wanajiografia waliokaa vitini, hasa William Desborough Cooley, wakamcheka: theluji karibu na ikweta? Hadi msafara wa Baron Carl Claus von der Decken ulipopima mlima mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo kicheko kilipokoma.

Safari ya tatu ya Uchagani, mwaka 1849, iliishia vibaya. Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya bidhaa zote alizokuwa nazo za kuendelea na safari, na yule aliyepita nyikani na mwavuli mahali pa bunduki akarejea pwani mikono mitupu. Hakusafiri tena bara. Waandishi wengi wa maisha yake huanza kuharakisha hapo, kana kwamba miaka 26 iliyobaki ni mkia wa nyota iliyokwisha kupita. Mimi naona hapo ndipo habari yake inapoanza.

Krapf alikuwa mtu wa kwenda. Alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, na kila alipolala alihesabu pete za mnyororo huo. Rebmann, pamoja na Jakob Erhardt aliyejiunga nao mwaka 1849, walikuwa na mawazo mengine: bora kujikita mahali pamoja, kujifunza lugha ya mahali hapo barabara, na kuishi na watu hadi wawe majirani kwelikweli. Walibishana, na barua zao hazikuwa tamu daima. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimrudisha Ulaya. Mwaka 1855 Erhardt naye akaondoka, akiwa na ile ramani mashuhuri iliyochorwa kwa masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara lenye umbo kama la konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilizua mjadala mkubwa London, na ni mojawapo ya mambo yaliyomleta Richard Burton na John Speke pwani yetu. Burton alipofika Rabai mwaka 1857, mabwana wa jiografia wa Uingereza walitaka Rebmann afuatane na msafara. Alikuwa na kila sifa: anajua lugha, anajua njia, ramani ni yake kwa nusu. Alikataa.

Hapa msomaji aweza kuuliza: alikataa kwa uaminifu, au kwa kuchoka? Sina jibu la mkato. Mkewe Emma, Mwingereza aliyemwoa Cairo mwaka 1851, alikuwa amemzika mtoto wao wa pekee, aliyeishi siku chache tu. Rabai kulikuwa na shamba dogo, nyumba, na waumini ambao idadi yao ingemwaibisha mwandishi wa ripoti. Wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu aliyebatizwa katika kitanda cha mauti. Basi mchungaji huyu, akiwa na kundi ambalo karibu halikuwepo, aliambiwa aache kundi hilo kwa muda akapate umaarufu, naye akabaki. Katika mwaka huohuo Wamaasai walishambulia upande ule wa pwani, akalazimika kukimbilia Unguja kwa muda wa kama miaka miwili. Ulikuwa ni udhuru mzuri wa kufunga kituo. Hatari ilipopungua alirudi Rabai palepale.

Neno mchungaji linatokana na kuchunga, na kuchunga kwa Kiswahili kuna sura mbili: kuchunga mbuzi, na kuchunga unga kwa chungio. Aliyewahi kuchunga mbuzi anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kukaa kivulini na kutazama. Aliyewahi kuchunga unga anajua kwamba kinachobaki katika chungio si kile ulichokitaka, lakini mkono hauna budi kuendelea kutikisa. Rebmann alizifanya kazi zote mbili. Ya pili aliifanya kwa maneno.

Katika miaka ya 1853 na 1854 alikaa na mtu mmoja aitwaye Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Siku baada ya siku walikaa pamoja, mmoja akitamka, mwingine akiandika, akiuliza tena, akifuta, akiandika upya. David Livingstone alikuwa bado hajaliona ziwa lile. Angelifikia mwaka 1859. Hakuna mmisionari aliyekuwa amekanyaga ufuo wake. Lugha ya watu wa huko, ambayo leo twaiita Kinyanja au Kichewa, ilikuwa inaandikwa kamusi juu ya kilima karibu na Mombasa, kwa kumbukumbu ya mtu mmoja aliyeng'olewa kwao. Nakiri kwamba picha hii hunikaa kuliko ile ya theluji. Kila neno alilolitoa Salimini, la jiko, la mvua, la jina la mti, la namna ya kumwita dada wa mama, lilikuwa neno la mahali ambapo hakuruhusiwa kurudi. Watu wa fasihi hupenda kusema kwamba lugha ni makao. Kwa Salimini haikuwa tamathali. Alikuwa hana makao mengine.

Haifai tumsifu Rebmann peke yake kwa kamusi hiyo, nami ningependa wale wanaoitaja wataje majina mawili. Mmoja alikaa kwa hiari, mwenzake alikaa kwa sababu alikuwa mali ya mtu. Uvumilivu wa mmisionari una wasifu, una picha, una kaburi lenye maandishi. Uvumilivu wa Salimini una jina moja tu, bila jina la baba, na maelfu ya maneno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alibatizwa Mgiriama aitwaye Abe Gunja pamoja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Mwaka 1864 wakaja Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani baharini na kusomeshwa India, karibu na Nasik. Kati yao walikuwamo William Jones na George David. Ndipo Rabai ilipoanza kuwa na sauti zaidi ya moja. Lakini mwaka 1866 Emma alifariki, na baada ya hapo mambo yakawa mazito. Macho ya Rebmann yalianza kufifia. Barua za London zikapungua. Huko walikuwa na mashamba mengine yenye mavuno zaidi ya kuripoti.

Sitaki kumpaka mafuta. Wageni waliofika Rabai katika miaka hiyo waliondoka wakinung'unika. Walimwona mzito, mshukaji wa watu, mwenye kushikilia njia zake, mwenye kuchelewesha ubatizo mno akitafuta yakini ambayo binadamu hawezi kuipata juu ya moyo wa mwenzake. Wamethodisti wa Ribe, jirani tu, walioanza mwaka 1862 na Thomas Wakefield, walikuwa na pilikapilika zaidi. Sir Bartle Frere alipopita pwani mwaka 1873 kwa shughuli ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, hakuona huko Rabai kitu cha kujivunia. William Salter Price, aliyetumwa na CMS mwishoni mwa 1874 kuanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, yaliyokuja kuitwa Frere Town, alimkuta mzee karibu kipofu amezungukwa na makaratasi ya kamusi, na Wakristo wanaohesabika kwa vidole. Kwa macho ya mtu mwenye bajeti na mpango wa miaka mitano, ilikuwa ni magofu.

Na pengine walikuwa na haki kwa sehemu. Kukaa kuna ugonjwa wake. Maji yakikaa mno huvunda, na mtu anayekaa mahali pamoja miaka mingi anaweza kuanza kuchanganya uaminifu na ukaidi, hata asijue mwenyewe mpaka uko wapi. Rebmann hakuwa mtu wa kujichunguza hadharani, hivyo hakutuachia ungamo la kutupunguzia kazi. Tunachoweza kufanya ni kutazama kilichobaki katika chungio na kilichopita.

Kwanza tuyatazame maneno, kwa kuwa sisi ni watu wa maneno. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa St. Chrischona, nje kidogo ya Basel, mwaka 1876. Kamusi ya Kinyanja ilitoka mwaka 1877, ikiwa imehaririwa na Krapf yuleyule aliyebishana naye juu ya mnyororo. Kamusi ya lugha ya Wamijikenda, yenye majina yao wawili, ikatoka mwaka 1887. Ya kwanza ilitoka katika mwaka aliokufa. Mbili zilizobaki zilitoka yu kaburini.

Kiswahili cha Rebmann na Krapf kilikuwa Kimvita, lugha ya watu wasemao mtele wakimaanisha mchele, nti wakimaanisha nchi, ndoo wakimaanisha njoo. Ni lahaja ya Muyaka bin Haji, aliyekufa miaka michache tu kabla ya wamisionari hawa kuteremka Mombasa. Nani ajuaye vizuri ushairi wetu hataona uchungu kwamba walikosana kwa muda mfupi hivyo? Krapf alikuwa mwepesi wa kutambua thamani ya tenzi na alipeleka miswada Ujerumani, ambako ilihifadhiwa Halle. Lakini Unguja Edward Steere alikuwa akifanya kazi juu ya Kiunguja, kitabu chake cha mafunzo kikatoka mwaka 1870, na mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, ulichagua Kiunguja. Kwa hiyo Luka wa Rebmann akageuka kitu cha makabati ya maktaba. Wengi wetu wa bara hatujawahi kuiona hata kurasa moja yake. Kwa upande huu, miaka yake ilipita katika chungio, na sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Halafu kuna mahali penyewe. Rabai ilibaki. Hili linaonekana dogo hadi uangalie yaliyofuata. Baada ya 1875 kituo kilianza kukua kwa haraka, na watu walioiongoza kazi ya kila siku walikuwa wale ambao mzee yule mgumu aliwakuta au waliomkuta: Isaac Nyondo, George David, William Jones. Jones alipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885, akafuatana naye safari ya Busoga, na Hannington alipouawa Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara hadi Rabai. Rabai hiyo ikawa kimbilio. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipanda vilima kwa mamia, nao wenye mashamba wakawadai kwa hasira. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,400 kati ya waliokuwa wamejificha Rabai na vituo jirani walitangazwa huru, baada ya wenyewe kulipwa fidia.

Mtoro hakimbilii mpango. Hukimbilia mahali palipokwisha kujulikana, ambapo mtu fulani alisikia kutoka kwa mtu fulani kwamba kuna watu wakaao pale na hawakufukuzi. Jina la mahali halienei kwa msafara mmoja; lahitaji miaka ya kutokuwa na habari. Rebmann hakuwakomboa watu hao 1,400, wala hakuwa hai kuwaona. Lakini kama angefuatana na Burton mwaka 1857, au kama angebaki Unguja baada ya Wamaasai, au kama angesikiliza macho yake mwaka 1866, sidhani kilima kile kingekuwa na jina la kukimbiliwa.

Nina jambo moja la pembeni, nalo ni la lugha. Katika Kanisa Katoliki la Tanzania, jumuiya ya waumini iliyo mbali na parokia, isiyo na padri mkaazi, inayotunzwa na katekista, huitwa kigango. Kwa Wagiriama, majirani na ndugu wa Warabai, kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu mwenye heshima. Nguzo hiyo husimama pale iliposimikwa. Watu wakihama makazi, haing'olewi, huachwa na mahali pake. Gango kwa Kiswahili ni kibano kinachounga kilichovunjika, na kuganga ni kutibu. Sikio la mshairi lisikie lenyewe. Mimi husikia vyote vitatu kila Jumapili tangazo linaposema kigango fulani kitafanya usafi, na najua kwamba katika vigango vingi vya bonde hili padri hufika kwa zamu, barabara ikiruhusu, ilhali yule wa kuzika wafu na kuwafundisha watoto sala ni mwenyeji aliyekaa.

Mwaka 1875 Rebmann aliondoka Rabai. Hakuwa na uwezo wa kusafiri peke yake, kwa hiyo Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, alimshika mkono hadi Ulaya. Tafakari safari ile: kijana wa Kigiriama akimwongoza kupitia bandari na stesheni za treni mtu ambaye alikuwa amesahau nchi yake, na ambaye hata angeikumbuka asingeiona. Wakafika Korntal, karibu na Stuttgart, alikokuwa akiishi Krapf. Mwenye ndoto ya mnyororo na mwenye kilima kimoja wakawa majirani tena, kama walivyokuwa miaka 29 nyuma. Krapf alimsaidia kupata mke mwingine, mjane wa mmisionari, amtunze. Haikuchukua muda mrefu. Rebmann alikufa tarehe 4 Oktoba 1876.

Nyondo alirudi Rabai, akaendelea kufundisha. Nyumba ya Rebmann ingali pale juu ya kilima, karibu na ile ya Krapf na karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa mwaka 1887. Tangu 1994 kuna makumbusho. Wageni wengi huulizia theluji.